Mabehewa Yanavyoshikana

Treni ya mizigo haiondoki yote kwa pamoja. Siku ukiwa karibu na njia, tega sikio: injini inavuta, behewa la kwanza linagonga, la pili linapokea, la tatu, la nne, na mlio unakimbia kuelekea mkiani mpaka unapotelea mbali. Behewa la mwisho linaanza kusogea wakati injini imeshatembea meta kadhaa. Nimeusikiliza sana mlio huo Makambako na Mlimba kwenye njia ya TAZARA, na kila mara hakosekani abiria wa kusema, "Haya mabehewa yamechoka." Mengine yamechoka kweli. Lakini mlio hautokani na uchovu.

Kati ya behewa na behewa pana nafasi ya sentimeta chache iliyoachwa makusudi. Vyuma viwili vinavyoshikana havibanani kabisa, na nyuma ya kila kimoja, ndani ya fremu ya behewa, kuna springi nzito au vyuma vya msuguano vinavyobonyea na kurudi. Jumlisha nafasi hizo kwa mabehewa 100, utakuta treni inaweza kurefuka na kufupika kwa zaidi ya meta 10. Enzi za injini za mvuke hilo lilikuwa msaada mkubwa. Dereva alirudi nyuma kidogo, akayakusanya mabehewa, kisha akayavuta mbele moja baada ya jingine, maana kuling'oa behewa moja lililosimama ni rahisi kuliko kuyang'oa mia kwa mpigo. Siku hizi injini zina nguvu za kutosha, na nafasi ile ile imegeuka mtihani wa dereva. Akifunga breki vibaya huku mkia ungali unateremka kilima, tani elfu kadhaa zinamjia mgongoni. Akivuta kwa pupa, treni inakatika katikati.

Wapenzi wa treni wengi huangalia injini. Wanajua namba yake, nguvu zake, kiwanda kilichoiunda. Mimi macho yangu huishia pale chini, kwenye chuma kizito chenye kutu na grisi nyeusi ambacho hakuna anayekipiga picha: kiungio. Nimesoma habari zake kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kuwa ufundi wake haukuwa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya watu wakubaliane kufunga kilekile.

Tuanze na chuma chenyewe. Kiungio cha TAZARA, cha SGR ya Kenya iliyozinduliwa mwaka 2017, na cha treni za mizigo za Marekani, Kanada na China ni wa ukoo mmoja. Ukitaka kuona umbo lake huhitaji mchoro. Kunja vidole vya mkono wa kulia viwe ndoana, kunja na vya kushoto, geuza viganja vitazamane, kisha vinase vidole ndani ya vidole na uvute. Ndivyo vinavyoshikana. Upande mmoja wa kichwa cha kiungio ni mkono uliosimama imara, haujongei. Upande wa pili kuna kipande kinachozunguka kwenye pini ya wima, kinafunguka na kujifunga mithili ya bawaba, nitakiita kifundo. Ndani ya kichwa, mahali usipopaona, mna kufuli: bonge la chuma linaloweza kupanda na kushuka.

Mabehewa mawili yakisogezwa, walau kifundo kimoja lazima kiwe wazi. Vichwa vinagongana kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kifundo kilicho wazi kinasukumwa na kichwa cha upande wa pili, kinazunguka, mkia wake unaingia ndani, na papo hapo kufuli linaanguka nyuma ya mkia huo kwa uzito wake lenyewe. Hakuna springi ya kulisukuma, hakuna umeme wala hewa ya kulishusha. Uzito tu. Kuanzia hapo kifundo hakiwezi kurudi, na jinsi injini inavyozidi kuvuta ndivyo mkia unavyozidi kukandamiza kufuli.

Kufungua nako kuna adabu yake. Kwenye kona ya behewa kuna fimbo ndefu iliyopinda, inayofika mpaka pembeni ili mtu asimame nje ya njia. Ukiinyanyua, inalipandisha kufuli. Ila hutaweza kuinyanyua treni ikiwa imevutika, kwa sababu kufuli limebanwa na uzito wote wa nyuma. Ndiyo maana kwenye shantingi, yaani kazi ya kupanga na kubadilisha mabehewa yadini, unamwona mtu anampungia dereva arudi nyuma kidogo kwanza, vyuma vilegee, ndipo anyanyue. Na wakati wa kuunganisha, vichwa vikishagongana hawaondoki hapohapo. Dereva anavuta kidogo kwa kujaribu. Kama kufuli halikushuka vizuri, afadhali lijulikane wakati huo kuliko kwenye mteremko.

Aliyebuni umbo hili ni Eli Janney wa Alexandria, jimbo la Virginia. Hakuwa mhandisi. Alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe upande wa Kusini, upande ulioshindwa, na baada ya vita akawa karani wa duka. Inasimuliwa kwamba mfano wake wa kwanza aliuchonga kwenye mti kwa kisu cha mfukoni. Alipata hataza yake kuu, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1873. Umbo analoliona abiria wa leo dirishani halijapishana sana na lile la hataza ile, ingawa matumbo yake yamebadilishwa mara nyingi.

Kabla yake Marekani walitumia pete na pini. Kila behewa lilikuwa na mdomo wa chuma wenye tundu juu na tundu chini. Pete ndefu ya chuma iliingizwa kwenye midomo miwili inayotazamana, na pini nene ikadumbukizwa toka juu kila upande. Vyuma vya bei rahisi, fundi yeyote wa kijijini aliweza kuvifua. Tatizo ni kwamba pete hailengi yenyewe. Mtu wa breki alisimama kati ya mabehewa mawili, moja limesimama, jingine linamjia, akaishika pete kwa mkono, akainyanyua ilingane na mdomo, akautoa mkono kabla vyuma havijakutana, kisha akaidumbukiza pini. Usiku, kwenye mvua, kwenye barafu. Na kimo cha midomo hakikuwa sawa: kampuni hii iliweka juu kidogo, ile chini kidogo. Kulikuwa na usemi kwamba mtu wa breki mzoefu humjui kwa cheti, unamjua kwa vidole alivyopungukiwa.

Mtu atauliza: kama Janney alipata dawa mwaka 1873, mbona watu waliendelea kukatwa mikono miaka ishirini baadaye? Hapa ndipo kiungio kinapotofautiana na uvumbuzi mwingine. Kampuni ikinunua injini bora, inafaidi kesho yake. Kampuni ikifunga kiungio bora, haifaidi chochote mpaka jirani naye afunge, kwa sababu mabehewa hayakai nyumbani. Behewa la ngano linatoka Iowa, linapitia reli za kampuni mbili tatu, linafika bandarini New York likiwa limeunganishwa na mabehewa ya kila mtu. Anayetangulia kubadilisha anabaki na chuma kisichoshikana na cha mwingine. Basi kila mmoja akamsubiri mwenzake.

Halafu kulikuwa na hesabu nyingine, mbaya zaidi. Kiungio kipya kilikuwa na bei. Mkono wa mfanyakazi, kisheria, ulikuwa karibu bure. Mahakama za wakati ule zilisema mtu anayeajiriwa kwenye kazi ya hatari amekubali hatari yake, na kama ajali imesababishwa na mfanyakazi mwenzake basi mwajiri hahusiki. Ukikatwa mkono, umejitakia. Sidhani mameneja wa reli walikuwa makatili kuliko watu wengine. Walikuwa wanapiga hesabu kwa bei walizowekewa.

Wagunduzi walijaa tele. Hataza za viungio zilifika maelfu, na nyingi hazikuwahi kufungwa kwenye behewa hata moja. Chama cha waunda mabehewa, Master Car Builders' Association, kilifanya majaribio mjini Buffalo mwaka 1885, kikaendelea kuchuja, na mwisho kikachagua umbo la Janney. Kizuizi kilikuwa hataza: nani atakubali kumlipa mtu mmoja kwa kila behewa la nchi nzima? Janney akaachia haki zake juu ya mchoro wa nje, yaani ile mikunjo ya kichwa na kifundo inayokutana na ya mwenzake. Matumbo ya ndani kila kiwanda kikajitengenezea kivyake. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko hataza yenyewe. Sura ya nje ikawa ya umma, na kwa hiyo vyuma vya viwanda vinavyoshindana vikaweza kushikana.

Hata hivyo chama hakikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Aliyekuwa akipiga kelele ni mkulima wa Iowa, Lorenzo Coffin, ambaye aliwahi kumshuhudia mtu wa breki akipoteza vidole akiunganisha mabehewa. Toka hapo hakunyamaza. Aliandika barua, alihutubia makanisani na kwenye mikutano ya wafanyakazi, aliingia kwenye tume ya reli ya jimbo lake, aliwachosha wabunge. Rais Benjamin Harrison alipohutubia Bunge mwaka 1889 alitaja kwamba katika mwaka mmoja wafanyakazi wa reli zaidi ya 2,000 walikufa kazini na zaidi ya 20,000 waliumia, akasema ni aibu kwa ustaarabu wao kwamba mtu anayefanya kazi halali akabiliwe na hatari iliyo sawa na ya askari vitani. Tarehe 2 Machi 1893, siku mbili kabla ya kuondoka madarakani, Harrison alitia saini sheria iliyoyataka mabehewa yote yanayovuka mipaka ya majimbo yawe na viungio vinavyoshikana vyenyewe kwa kugongana, na vinavyoweza kufunguliwa bila mtu kuingia kati ya mabehewa. Kampuni zilipewa miaka mitano. Zikaomba muda zaidi, zikapewa mpaka tarehe 1 Agosti 1900.

Kipindi hicho cha mpito kilikuwa na hatari zake. Mabehewa ya pete na pini yalichanganyika na ya Janney, na ili yaweze kuvutana, vifundo vya Janney vilipasuliwa katikati na kutobolewa tundu, ili pete iingie na pini ishuke. Kiungio kilichobuniwa kuuondoa mkono wa mtu kikawekewa mahali pa kuurudisha.

Sasa niingie kwenye kisa ambacho huwa nakirudia ninapokutana na mtu mwenye subira ya kunisikiliza. Promontory, jimbo la Utah, ni mahali ambapo mwaka 1869 reli kutoka mashariki na reli kutoka magharibi zilikutana, wakapigilia msumari wa dhahabu na kupiga picha inayojulikana dunia nzima. Tarehe 5 Agosti 1900, siku nne baada ya muda wa mwisho wa sheria, mtu wa breki aitwaye Johnson alikuwa hapo na treni ya mizigo ya Southern Pacific iliyokuwa ikielekea mashariki. Kwenye njia ya pembeni lilikuwa limeachwa behewa la chakula. Mtindo wao ulikuwa hivi: treni ya abiria ya kuelekea mashariki ikichelewa sana, behewa la chakula liliachwa Promontory, ligeuzwe, lichukuliwe na treni ya kurudi magharibi ili abiria wale wapate mlo. Johnson aliagizwa aikate injini kwenye treni yake, aiunganishe na behewa hilo, walipeleke kwenye meza ya kugeuzia.

Injini ilikuwa na kiungio cha Janney. Behewa la chakula lilikuwa na ndoana ya Miller, kiungio cha zamani zaidi kilichopendwa kwenye treni za abiria. Vyote viwili vilijifunga vyenyewe, kila kimoja na mwenzake wa aina yake. Janney kwa Miller havikushikana. Johnson alilijua hilo, akachukua pete na pini. Akajaribu mara ya kwanza, ikashindikana. Ya pili, ikashindikana. Ya tatu mkono wake ukanaswa kati ya bampa ya injini na bampa ya behewa, ukasagika, ukakatwa juu ya kifundo cha mkono.

Alipoishtaki kampuni, mahakama ya kwanza ilimnyima, na ya rufaa ikakubaliana nayo kwa hoja ambazo mtu akizisoma leo anaweza kucheka, kama si mkono uliopotea. Hoja ya kwanza: sheria imesema "behewa", na injini si behewa. Ya pili: sheria inataka kila behewa liwe na kiungio cha kujifunga, injini ilikuwa nacho na behewa la chakula lilikuwa nacho, na hakuna palipoandikwa kwamba lazima hivyo viwili vishikane. Ya tatu: behewa la chakula lilikuwa limesimama tupu likisubiri, kwa hiyo halikuwa katika biashara ya kuvuka majimbo. Mwezi Desemba 1904 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Melville Fuller, ilizitupa hoja zote tatu. Injini imo. Behewa linalosubiri safari yake ya kawaida limo. Na kiungio kisichoshikana na kilicho mbele yake hakijatimiza sheria, hata kikiwa kizuri namna gani peke yake. Ikaamriwa kesi isikilizwe upya.

Uamuzi huo naupenda kwa sababu umesema wazi jambo ambalo mafundi walikuwa wakilijua: kiungio kimoja peke yake hakina kazi. Wa kupimwa ni wawili.

Ulaya ilichukua njia nyingine, na haraka ya kuicheka haifai. Mwaka 1836 Henry Booth, katibu na mweka hazina wa reli ya Liverpool na Manchester, alipata hataza ya kiungio cha parafujo. Kila behewa lina ndoana katikati na bafa mbili pembeni, yaani vyuma vya springi vya kupokea kishindo. Mtu anatundika pingu ya behewa moja kwenye ndoana ya jingine, kisha anaizungusha parafujo mpaka bafa za pande zote mbili zibanane. Hakuna nafasi inayobaki, hakuna mlio unaokimbia mkiani. Abiria wa Booth hawakurushwa kutoka kwenye viti treni ikianza kutembea, na kwa miaka mingi safari za Ulaya zilikuwa tulivu kuliko za Marekani.

Bei yake ni kwamba mpaka leo, karibu miaka 190 baadaye, sehemu kubwa ya mizigo ya reli Ulaya inaunganishwa na binadamu. Anainama, anapita chini ya bafa, anasimama kwenye uchochoro kati ya mabehewa mawili, ananyanyua chuma cha zaidi ya kilo 20, anatundika, anazungusha. Na chuma chenyewe kina ukomo. Kiungio cha parafujo cha kawaida kinakatika kwenye mvuto wa takriban tani 85. Kifundo cha Marekani kinatakiwa kivumilie karibu tani 300. Hapo utaelewa kwa nini treni ya makaa ya mawe ya Wyoming inapita na zaidi ya tani 10,000, wakati treni ya mizigo ya Ujerumani inatosheka na sehemu ndogo ya hizo.

Kuna waliobadilika. Japani walikuwa na bafa na parafujo waliyojifunza kwa Waingereza. Wakaamua kuhamia kwenye kiungio cha Marekani, na badala ya kujikokota katika mpito kama wa kina Johnson, walijiandaa kwa miaka. Viungio vipya vilifungwa chini ya matumbo ya mabehewa ya mizigo, vikawa vinasafiri navyo huku na huko, vinasubiri. Wafanyakazi walifanyishwa mazoezi. Tarehe 17 Julai 1925 treni za mizigo zikasimamishwa, na katika kisiwa kikuu cha Honshu kila stesheni ikashusha cha zamani na kupachika kipya. Kyushu wakafuata siku tatu baadaye. Nikiwaza ni watu wangapi walishika spana siku ile, na kesho yake treni zikatembea, nakosa la kusema.

Wasovieti walianza mwaka 1935 na kumaliza 1957, wakikatizwa na vita kuu. Chao, SA3, si cha Janney. Kimetokana na umbo la Mwingereza John Willison, lisilo na kifundo kinachozunguka: kichwa kina meno mawili yaliyosimama, kubwa na dogo, yanateleza yakanasana na ya mwenzake, na kufuli linajitokeza katikati. Mafundi wengi hukisifu kuliko cha Janney. Huhitaji kwanza kuhakikisha kuna kilicho wazi; unagongesha tu. Ni kawaida: aliyechelewa anachagua kizuri zaidi, aliyewahi anabaki na alichofunga.

Turudi kwenye kifundo, maana kina siri ninayoipenda. Kimetengenezwa kiwe dhaifu kuliko kichwa kilichokibeba. Kichwa kinatakiwa kivumilie takriban mara moja na nusu ya nguvu inayovunja kifundo. Kwa hiyo treni ikivutwa vibaya, kinachovunjika ni kifundo, na kifundo kinabadilishwa njiani. Kondakta wa treni ya mizigo Marekani anajua maana yake. Breki zinafunga zenyewe, treni inasimama porini, na mtu anateremka na tochi kutembea pengine kilometa moja na nusu akitafuta palipokatika. Kifundo cha akiba kina uzito wa kilo 35 hivi, na njia ya reli haina ukarimu kwa mtu anayebeba mzigo juu ya kokoto. Wenye akili humwomba dereva asogeze sehemu ya mbele mpaka kifundo kifike karibu. Baada ya hapo ni pini moja ya kuchomoa na kurudisha. Ingevunjika fremu ya behewa, safari ingeishia hapo.

Udhaifu huo ndio unaoweka mpaka wa urefu wa treni, maana kiungio cha kwanza nyuma ya injini kinabeba mvuto wa wote walio nyuma yake. Tarehe 21 Juni 2001 huko Australia Magharibi, kampuni ya madini ya BHP ilitembeza treni ya madini ya chuma yenye mabehewa 682, urefu wa kilometa 7.353, uzito unaokaribia tani 100,000. Injini zilikuwa nane, na hazikuwekwa mbele zote. Zilitawanywa ndani ya treni, zikiendeshwa na dereva mmoja, ili kila kundi la mabehewa livutwe na injini zake. Zikiwekwa zote mbele, kifundo cha kwanza kingekatika kabla treni haijaanza kutembea.

Umbo la Janney lilikuwa na kasoro iliyojificha ndani ya uzuri wake. Vichwa viwili hushikana mbele na nyuma, ila kimoja kinaweza kuteleza juu au chini ya mwenzake. Hilo liliachwa kwa sababu behewa tupu huinuka na lililojaa hushuka, na njia haijanyooka popote duniani. Mabehewa ya mbao na ngano hayakulalamika. Yalipokuja matangi ya gesi, mambo yakabadilika. Tarehe 19 Julai 1974, katika yadi ya Decatur, jimbo la Illinois, kiungio cha behewa kilitoboa kichwa cha tangi la gesi ya isobutani wakati wa shantingi. Gesi ikasambaa, ikalipuka, wafanyakazi saba wakafa. Kutokana na ajali za namna hiyo matangi ya Marekani yakalazimishwa kufunga viungio vyenye vibaraza juu na chini, ili kichwa cha jirani kisiweze kuruka. Ukiona tangi lenye kichwa kilichofunikwa hivyo, sasa unajua.

Nina nung'uniko moja kuhusu sheria ya 1893, au kuhusu jinsi tunavyoisifu. Ilisema mtu asilazimike kuingia kati ya mabehewa. Lakini kiungio cha Janney kinaunganisha vyuma tu. Mabomba ya hewa ya breki yananing'inia pembeni yake, na kuyafunga ni kazi ya mkono. Leo hii Marekani, China, Urusi na kwenye TAZARA, vichwa vikishashikana, mtu anaingia, anachuchumaa, anakutanisha vichwa vya mabomba, anafungua koki. Mabehewa yamesimama wakati huo, na hiyo ni tofauti kubwa. Ila bado anaingia.

Treni za abiria zimeshavuka hapo siku nyingi. Karl Scharfenberg, Mjerumani, alipata mwaka 1903 hataza ya kiungio kinachokaza vichwa bila nafasi, na vizazi vyake vya baadaye huunganisha kwa mgongano mmoja chuma, hewa na nyaya za umeme. Metro nyingi za dunia zinacho. Na ndicho Ulaya walichokirudia kwa mizigo. Walijaribu kukubaliana juu ya kiungio cha kujifunga tangu miaka ya 1960, mipango ikasogezwa mbele, ikafa. Mwaka 2021 wakachagua kichwa cha jamii ya Scharfenberg kwa mabehewa ya mizigo, kitakachobeba hewa, umeme na data, na wakaanza kukitembeza kwenye treni za majaribio.

Mabehewa ya kubadilishwa ni mamia ya maelfu, yaliyotawanyika kwenye nchi nyingi na mikononi mwa wenye mali wasiohesabika. Mengi hayamilikiwi na kampuni za reli. Ni ya makampuni ya kukodisha. Kwa hiyo atakayenunua kiungio ni mwenye behewa, na atakayeokoa saa na mishahara kwenye yadi ni mwenye treni. Mpaka naandika hivi wako mezani, wanajadiliana nani atie mkono mfukoni kwanza.